Antonio Vivaldi (1678–1741) na Moteti za Sauti ya Kwanza: Mtunzi na Waimbaji Wasio na Ukoo

1.0 Utangulizi

Jina la Antonio Vivaldi linafahamika hata kwa mtu ambaye hajawahi kuingia katika ukumbi wa muziki wa Ulaya. Koncheto zake nne za fidla zinazosawiri majira ya mwaka, zilizochapishwa Amsterdam mwaka 1725, zimesambaa kiasi kwamba huchezwa kwenye matangazo ya biashara na kwenye simu za ofisi wakati mpigaji anaposubiri kuunganishwa. Kwa sababu hiyo, maisha ya mtunzi huyu husimuliwa zaidi kama maisha ya mpiga fidla. Muziki wake wa kidini hutajwa kwa kifupi, na ule wa mwimbaji mmoja hutajwa kwa kifupi zaidi, mara nyingi pamoja na hukumu kwamba ni maonyesho matupu ya ufundi wa koo yaliyovishwa Kilatini ili yaruhusiwe kanisani.

Makala haya yanakusudia kuyasimulia maisha hayo kwa kuanzia upande uliopuuzwa, yaani moteti ambazo Vivaldi alizitunga kwa mwimbaji mmoja wa sauti ya juu ya kike akisindikizwa na ala za nyuzi. Hoja yetu ni kwamba hukumu iliyotajwa inatokana na kuusoma muziki huu bila kuwatazama waliouimba. Watu hao walikuwa wanawake waliookotwa wakiwa watoto wachanga. Hawakuwa na baba wala mama waliojulikana, hawakuwa na jina la ukoo, na umma uliowasikiliza haukuruhusiwa kuwaona vizuri. Kwa watu wa hali hiyo, ufundi wa sauti haukuwa pambo la utu wao. Ulikuwa ndio utu wao mbele ya umma.

Maelezo mafupi kuhusu istilahi yanahitajika. Kwaya za Afrika Mashariki zimekwisha kututatulia tatizo la kuita sauti ya soprano, maana wanakwaya huiita sauti ya kwanza, na istilahi hiyo ndiyo tutakayoitumia. Ala inayoongoza ni fidla, ileile inayofahamika katika taarab. Moteti, kwa maana ya Italia ya karne ya 18, ni utungo wa kidini wa Kilatini, usiotoka moja kwa moja katika Biblia wala katika liturujia, unaoimbwa na mtu mmoja. Kwa kawaida ya Vivaldi una aria moja, kisha kipande kifupi cha kusema kwa sauti ya kuimba, kisha aria ya pili, na mwisho Aleluya. Mara nyingi uliimbwa ndani ya misa, baada ya Nasadiki.

2.0 Mtoto wa kinyozi

Vivaldi alizaliwa Venice tarehe 4 Machi 1678. Mkunga alimbatiza papo hapo nyumbani kwa kuhofia kwamba angefariki, na ibada zilizosalia za ubatizo zilikamilishwa kanisani miezi miwili baadaye, tarehe 6 Mei. Baba yake, Giovanni Battista, mwenyeji wa Brescia, alikuwa kinyozi kabla ya kuwa mpiga fidla, na mwaka 1685 aliajiriwa katika kanisa la Mtakatifu Marko. Katika orodha ya waajiriwa aliandikwa kwa jina linalohusu wekundu wa nywele zake. Mwanawe alirithi nywele hizo, na baadaye mji mzima ulimwita Padri Mwekundu.

Kwa familia ya kinyozi, upadri ulikuwa mojawapo ya njia chache za kumpatia mtoto elimu na nafasi katika jamii. Antonio aliingizwa katika ngazi ya kwanza ya ukasisi mnamo Septemba 1693, akiwa na miaka 15, na alipata upadri tarehe 23 Machi 1703. Haukupita muda mrefu akaacha kuadhimisha misa. Katika barua aliyoiandika uzeeni alieleza kwamba sababu ilikuwa ugonjwa wa kubanwa kifua uliokuwa naye tangu kuzaliwa, na kwamba alikwisha kulazimika kuiacha altare kabla ya kumaliza ibada. Waandishi wengi wamelicheka jambo hili, wakisema kwamba mtu aliyebanwa kifua asingeweza kusafiri nusu ya Ulaya wala kuongoza opera. Tunaliona dhihaka hilo kuwa jepesi mno. Anayeuguliwa pumu anajua kwamba maradhi hayo hayamzuii mtu kufanya kazi kwa mwezi mzima, kisha humwangusha siku moja bila taarifa. Misa haiwezi kukatizwa katikati, lakini mazoezi ya opera yanaweza.

3.0 Ospedale della Pietà

Mnamo Septemba 1703, miezi michache baada ya upadri, Vivaldi aliajiriwa kuwa mwalimu wa fidla katika Ospedale della Pietà kwa ujira wa dukati 60 kwa mwaka. Mwaka uliofuata ujira huo ulipandishwa hadi dukati 100. Jina la taasisi hii lina neno linalofanana na hospitali, lakini isidhaniwe kuwa ilikuwa mahali pa kutibia wagonjwa. Yalikuwa makao ya kulelea watoto waliotupwa, na asili yake ni kazi ya hisani iliyoanzishwa na mtawa Mfransisko mwaka 1346. Mtoto mchanga aliwekwa katika kidirisha maalumu ukutani, aliyemleta akaenda zake bila kuonekana. Wengine waliachwa na kipande cha medali au cha karatasi kilichokatwa, nusu ya pili ikibaki kwa mzazi, ili siku moja vipande viweze kulinganishwa. Mtoto alipopokewa alitiwa mwilini alama ya herufi ya kwanza ya jina la taasisi.

Wavulana walifundishwa kazi za mikono na kuondoka. Wasichana walibaki, na wakagawanywa makundi mawili: mabinti wa kawaida, waliofanya kazi za nyumba na za kushona, na mabinti wa kwaya. Hao wa pili waliteuliwa kwa kipaji na walijifunza kusoma noti, kuimba na kupiga ala, kisha wakawafundisha waliowafuata. Wageni kutoka kila pembe ya Ulaya walikuja Venice kuwasikiliza, na sadaka zao zilisaidia kuyaendesha makao. Msichana aliyeolewa na kuondoka alifungwa na masharti ya kutoimba tena hadharani, kwa hiyo wengi walibaki humo hadi kufa. Waliimba kutoka roshani za juu, nyuma ya uzio wa madini, na msikilizaji aliona vivuli tu. Jean-Jacques Rousseau, aliyewasikia wenzao wa makao mengine ya mji huohuo katika miaka ya 1743 na 1744, alisimulia jinsi sauti zilivyomfanya awawazie kuwa malaika wa uzuri, na jinsi alivyofadhaika alipokutanishwa nao na kumkuta mmoja akiwa na jicho moja na mwingine akiwa ameharibiwa na ndui. Kisa hicho kinatueleza mengi kuhusu Rousseau, na kinatuonyesha pia kwamba uzio ule uliwaachia waimbaji chombo kimoja tu cha kujitambulishia.

Vivaldi hakuwa bwana wa mahali hapo. Baraza la wasimamizi lilipiga kura kila mwaka kuamua kama mwalimu aendelee au aondoke. Mwezi Februari 1709 kura zilikuwa 7 dhidi ya 6, naye akapoteza kazi. Mwaka 1711 alirudishwa kwa kura zote. Mwaka 1716 aliondolewa tena, kisha mwaka huohuo akaitwa arudi. Mtu anayesoma kumbukumbu hizi hawezi kumwona kama fundi mkuu aliyezungukwa na wanafunzi wanyenyekevu. Anamwona mwajiriwa wa muda, anayejua kwamba kazi yake ya mwakani itategemea jinsi waimbaji na wapigaji walivyosikika mwaka huu.

Isitoshe, kutunga muziki wa kanisani hakukuwa sehemu ya mkataba wake wa awali. Jukumu hilo lilikuwa la mkuu wa kwaya, Francesco Gasparini, ambaye mwaka 1713 aliomba likizo na hakurudi. Vivaldi alijaza pengo. Mnamo Juni 1715 wasimamizi walimpa dukati 50 za ziada kwa misa nzima moja, Masifu ya Jioni, oratorio moja na moteti zaidi ya 30. Tuitazame tena idadi hiyo: zaidi ya moteti 30 katika muda wa miaka miwili hivi. Moteti zake za mwimbaji mmoja zilizosalia leo ni 12, kutoka vipindi vyote vya maisha yake, nyingi zikiwa za sauti ya kwanza na chache za sauti ya pili. Sehemu kubwa ya kazi iliyolipiwa mwaka 1715 haipo.

4.0 Majina

Kwa mwanaisimu, orodha za waimbaji wa Pietà ni hazina ya elimu ya majina. Mtoto wa kuokotwa alipewa jina la ubatizo peke yake. Kwa kuwa wasichana walikuwa mamia na majina ya watakatifu yana kikomo, ilibidi itafutwe njia ya kutofautisha Anna mmoja na mwingine. Njia iliyopatikana ni kazi. Mmoja aliitwa Anna Maria wa Fidla, mwingine Pelegrina wa Oboe, mwingine Anna wa Besi, mwingine Paolina wa Tena. Majina mawili ya mwisho yanastahili kuangaliwa kwa makini, maana yanaonyesha kuwa baadhi ya wanawake waliimba sauti ambazo kwetu huachiwa wanaume.

Katika jamii nyingi jina la pili huelekeza nyuma, kwa baba, kwa ukoo, au kwa kijiji. La hawa lilielekeza kwenye chombo mkononi au kwenye kiwango cha sauti kooni. Mtu aliyeshindwa kuimba alikuwa katika hatari ya kubaki bila jina la kumtofautisha. Ndiyo maana tunashindwa kukubaliana na wanaosema kwamba mapambo ya sauti katika moteti hizi yanafunika maana. Maana ya kwanza ya muziki huu, kwa msikilizaji aliyekaa chini ya roshani, ilikuwa kutambua ni nani anayeimba.

Ushahidi mzuri unapatikana katika oratorio ya Vivaldi, *Juditha triumphans*, iliyoimbwa Pietà mwezi Novemba 1716, baada ya Venice kuuokoa mji wa Corfu uliokuwa umezingirwa na majeshi ya Kituruki. Kitabu cha maneno kinataja waimbaji kwa jina moja moja: Caterina kwa nafasi ya Judith, Apollonia kwa Holofernes, Barbara kwa Vagaus, Silvia kwa mtumishi Abra na Giulia kwa kuhani Ozias. Jemadari, mtumwa wake na kuhani wote waliimbwa na wanawake. Nafasi ya Barbara inahitaji wepesi wa sauti usio wa kawaida, na ni vigumu kuamini kwamba mtunzi aliiandika kabla ya kujua nani angeimba.

5.0 Irabu na koo

Mashairi ya moteti hayakutungwa na washairi wakubwa, na watunzi wake hawajulikani kwa majina. Kilatini chake ni cha kuunga vipande vilivyokwisha kutumika: bahari iliyochafuka na jahazi linalotafuta bandari, chemchemi, waridi, ndege aimbaye, nyoka aliyejificha katika majani. *In turbato mare irato* ni moteti ya dhoruba tupu. *Nulla in mundo pax sincera*, ambayo tangu ilipotumika katika filamu ya *Shine* ya mwaka 1996 imekuwa maarufu kuliko zote, inadai kwamba dunia haina amani isiyochanganyika na uchungu isipokuwa kwa Yesu. Katika aria yake ya pili ulimwengu ni nyoka anayepumua sumu kati ya maua. Wahakiki wa fasihi wana haki ya kusema kwamba huu si ushairi mkubwa. Hata hivyo wanausahau uamilifu wake, kwani maneno haya yaliandikwa ili kubeba sauti, na inafaa tuyachunguze kama wabebaji.

Sifa kuu ya mtindo huu ni kwamba silabi moja inaweza kubeba makumi ya noti zinazopanda na kushuka kwa kasi. Swali la kwanza kwa mtunzi ni silabi ipi ichaguliwe. Pier Francesco Tosi, mwimbaji na mwalimu aliyechapisha kitabu chake cha uimbaji huko Bologna mwaka 1723, alieleza kuwa mapambo ya kasi hayafai kwenye irabu ya tatu na ya tano, yaani *i* na *u*, na kwamba shule nzuri za zamani hazikuyakubali hata kwenye *e* na *o* zinapotamkwa kwa kinywa kilichobana. Msomaji anaweza kudhani hiyo ni kanuni ya ladha tu. Kumbe ina msingi katika akustika ya matamshi. Irabu hutambulika kwa miangwi ya kinywa na koromeo, na katika *i* na *u* mwangwi wa kwanza uko chini, kiasi cha mitetemo 300 au zaidi kidogo kwa sekunde kwa mwanamke. Noti za juu za sauti ya kwanza hufikia mitetemo 880 na kupita. Hapo sauti yenyewe imekwisha kuupita mwangwi ambao ungeitambulisha irabu. Mwimbaji hana budi kufungua taya, na *i* yake inasikika kama *a*. Hata *a*, ambayo mwangwi wake wa kwanza uko juu kuliko wa irabu zote, hufikia kikomo chake katika eneo hilohilo.

Matokeo yake ni kwamba kadiri mwimbaji anavyopanda, ndivyo tofauti za kifonimu zinavyofutika. Katika kilele cha aria msikilizaji hasikii tena Kilatini. Anasikia mtu. Tunadhani Vivaldi alilifahamu jambo hili kwa sikio, kama fundi, bila kuhitaji nadharia. Ndiyo sababu alizigawa kazi. Kipande cha kusema kwa kuimba kina noti moja kwa kila silabi, katika eneo la chini na la kati, na hapo maneno yote husikika na mafundisho hutolewa. Aria hurudia maneno machache mara nyingi, kwa hiyo msikilizaji huwa ameyashika kabla hayajafutwa na kasi. Na Aleluya, iliyo neno moja la Kiebrania linalojulikana na kila muumini, haihitaji kueleweka tena. Mtunzi yuko huru kabisa nayo, na humo ndimo alimoweka magumu yake makubwa kuliko yote.

Ala za nyuzi zinashiriki mantiki hiyohiyo. Fidla mbili, viola na besi inayoendelezwa kwa selo na kinanda hazimwekei mwimbaji zulia tu. Fidla hutangulia na tamko ambalo sauti italirudia, kisha huipa changamoto. Ruka za fidla, minyororo ya noti zinazorudiwa, na mipando ya mikono miwili mitatu ya kinanda kwa pumzi moja vimehamishwa kutoka kwenye upinde hadi kooni. Wakosoaji waliona kosa hapo, kwamba mpiga fidla alilitendea koo kama ala. Lakini katika Pietà mpiga fidla na mwimbaji walikuwa wamelelewa katika nyumba moja na kufundishwa noti na walimu walewale. Baadhi yao walifanya kazi zote mbili.

Hatuna budi kuongeza kwamba si moteti zote zilitungwa kwa ajili ya Venice. *In furore iustissimae irae*, yenye aria ya kwanza ya mwenye dhambi anayetetemeka mbele ya ghadhabu ya Mungu na aria ya pili ya machozi yanayogeuka kuwa furaha, inahusishwa na wataalamu na safari za Vivaldi za Roma katika miaka ya 1720. Roma ya Papa haikuruhusu wanawake kuimba kanisani. Sauti ya kwanza huko ilikuwa ya mwanamume aliyehasiwa utotoni. Kwa hiyo muziki huu, pande zote mbili, uliimbwa na watu ambao miili yao au koo zao zilikuwa zimetwaliwa na taasisi kabla hawajafikia umri wa kuulizwa. Jambo hili halipunguzi uzuri wa muziki, na uzuri wa muziki haulihalalishi.

6.0 Opera, Mantua na Girò

Mwaka 1711 mkusanyiko wa koncheto uitwao *L'estro armonico* ulichapishwa Amsterdam na kumpatia Vivaldi sifa kaskazini mwa Ulaya. Johann Sebastian Bach alinakili kadhaa na kuzibadilisha kwa ajili ya kinanda. Kuanzia mwaka 1713 Vivaldi aliingia pia katika opera, kama mtunzi na kama mfanyabiashara wa maonyesho. Uzeeni alidai kuwa ametunga opera 94. Zinazothibitika ni 50 hivi. Kati ya 1718 na 1720 alikuwa Mantua katika utumishi wa mtawala Philip wa Hesse-Darmstadt, na kuanzia mwaka 1723 Pietà ilikubaliana naye kupokea koncheto mbili kwa mwezi hata akiwa safarini.

Mantua ndiko anakotoka Anna Girò, mwimbaji kijana aliyekuja kuimba katika opera zake nyingi. Yeye na dada yake Paolina walikuwa karibu na Vivaldi kwa miaka mingi, na maneno ya watu hayakukosa. Mwandishi wa tamthilia Carlo Goldoni alisimulia katika kumbukumbu zake jinsi alivyokwenda mwaka 1735 kurekebisha maneno ya opera *Griselda*. Alimkuta padri akisoma kitabu chake cha sala. Vivaldi alitaka aria mpya kwa ajili ya Girò, ambaye hakupenda nyimbo za kulegea na alifaa zaidi kwa maneno ya msukosuko, yenye vituo na mihemo. Goldoni, akiwa ameudhika kwa kudharauliwa, aliomba karatasi na kuandika beti hizo papo hapo, na padri akakitupa kitabu cha sala kwa furaha. Kisa hicho husimuliwa kama kichekesho kuhusu dini ya Vivaldi. Kwetu sisi kina thamani nyingine: ndani yake tunamwona mtunzi akidai maneno yafuate koo la mtu fulani, na si kinyume chake. Aliyoyafanya kwa Girò jukwaani ndiyo aliyokuwa ameyafanya kwa akina Barbara roshanini.

7.0 Ferrara na Vienna

Mwishoni mwa mwaka 1737 Kadinali Tommaso Ruffo alimpiga marufuku kuingia Ferrara, ambako alikuwa amekwisha kugharimia msimu wa opera. Sababu zilizotolewa ni mbili: kwamba alikuwa padri asiyesema misa, na kwamba alikuwa na urafiki na Girò. Barua aliyomwandikia Mwinyi Guido Bentivoglio tarehe 16 Novemba ya mwaka huo ndiyo inayotupatia maelezo ya ugonjwa wa kifua. Ni barua ya mtu aliyeona mali na heshima yake vikizama, na hapana shaka anajitetea. Hata hivyo hatuoni sababu ya kuisoma kama uongo mtupu.

Mwaka 1738 Pietà haikumthibitisha tena. Msafiri Mfaransa Charles de Brosses, aliyefika Venice mwaka 1739, alishangaa kuona kwamba mji haumthamini tena kama alivyostahili, kwa kuwa ladha ilikuwa imegeukia watunzi wa Naples. Katika mwaka 1740 Vivaldi aliiuzia Pietà koncheto kadhaa, akaondoka. Alielekea Vienna, pengine kwa kumtegemea Kaisari Charles wa Sita, ambaye alimpenda. Kaisari alifariki Oktoba 1740, majumba ya opera yakafungwa kwa maombolezo, na mtunzi akabaki bila mfadhili.

Alifariki mwishoni mwa Julai 1741 katika nyumba ya mjane wa fundi wa matandiko ya farasi. Alizikwa tarehe 28 Julai kwa mazishi ya gharama ndogo katika makaburi ya hospitali, ambayo hayapo tena. Kuna hadithi inayopendwa sana kwamba Joseph Haydn, wakati huo mtoto wa kwaya, aliimba katika mazishi hayo. Hadithi hiyo haina msingi, maana mazishi ya daraja lile hayakuwa na kwaya.

8.0 Hati

Baada ya kifo chake maktaba yake binafsi iliuzwa. Ilipita katika mikono ya mkusanyaji Jacopo Soranzo, kisha ya Giacomo Durazzo, balozi wa Austria mjini Venice. Warithi wa Durazzo waliigawa sehemu mbili, na kwa zaidi ya karne moja hakuna aliyejua ilipo. Mwaka 1926 watawa Wasalesiani wa Borgo San Martino, waliotaka kuuza vitabu vya zamani ili kukarabati majengo, waliomba ushauri wa maktaba ya taifa ya Turin. Kazi ya kuvikagua alipewa Alberto Gentili, mwalimu wa historia ya muziki wa chuo kikuu cha mji huo. Humo alikuta majuzuu 14 ya Vivaldi. Maktaba haikuwa na fedha, na ikiwa serikali ingearifiwa mapema hati zingeweza kwenda kwingine. Gentili alimpata mfanyabiashara wa hisa, Roberto Foà, aliyezinunua na kuzitoa kama ukumbusho wa mwanawe mchanga aliyefariki. Kwa kuchunguza hesabu za majuzuu Gentili aligundua kwamba hiyo ilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ilipatikana Genoa na kununuliwa mwaka 1930 na mwenye kiwanda cha nguo, Filippo Giordano, naye akiwa amefiwa na mtoto mdogo wa kiume. Karibu muziki wote wa kidini wa Vivaldi tulio nao, pamoja na moteti, unatoka katika majuzuu hayo 27.

Gentili alikuwa Myahudi. Sheria za ubaguzi za mwaka 1938 zilimfukuza chuo kikuu, na mnamo Septemba 1939, muziki wa kidini wa Vivaldi uliposikika tena hadharani katika juma lililoandaliwa Siena na Alfredo Casella, aliyeugundua hakuwa na nafasi katika sherehe hiyo. Alifariki mwaka 1954.

Kazi ya kutafuta haijasita. Mwaka 2003 na mwaka 2005 zaburi mbili zilizohifadhiwa Dresden zilithibitishwa kuwa za Vivaldi. Mnakili wa Venice, padri Iseppo Baldan, alikuwa ameziuza kwa jina la Baldassare Galuppi, ambaye wakati ule jina lake liliuzika zaidi. Wageni wa Venice nao huonyeshwa kanisa la Pietà lililoko ufukweni kama kanisa la Vivaldi, ingawa jengo hilo lilianza kujengwa mwaka 1745, miaka minne baada ya kifo chake. Waimbaji wake hawakuwahi kusimama humo naye.

Katika maktaba ya chuo cha muziki cha mji huohuo kimehifadhiwa kitabu cha noti chenye jina la Anna Maria, kikiwa na sehemu ya fidla ya koncheto 31, nyingi zikiwa za Vivaldi. Mwenye kitabu aliingia Pietà akiwa mtoto mchanga mnamo mwaka 1696, akaishi humo maisha yake yote, akifundisha hadi uzeeni, na kufariki humo mwaka 1782.